Sumu iliyo katika udongo: madhara ya kuishi karibu na taka za kemikali



Katika mikutano ya bloku wahudumu wa afya huulizwa mara kwa mara: kuna ubaya gani kuvunja betri kuukuu za gari au za sola nyuma ya nyumba, mradi mtu hagusi tindikali? Wengine huuliza juu ya mapipa ya dawa za mimea ambayo watu huyatumia kuwekea maji, na juu ya watoto wanaookota vyuma jalalani ili wapate senti chache. Maswali haya ni ya haki. Anayevunja betri hafanyi hivyo kwa kupenda. Anatafuta pesa ya kuongezea mgao. Lakini ugonjwa unaotokana na taka za namna hii hauji kama kipindupindu, ambacho kila mtu hukiona siku ileile. Huja polepole, na mara nyingi hupewa jina la ugonjwa mwingine.

Tutaanza na habari ya watu waliokimbia makwao wakawekwa kambini, kwa sababu yaliyowapata yanaeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo ya kitabuni.

Kambi kando ya mabaki ya mgodi

Kosovo ni nchi ndogo iliyo kusini-mashariki mwa Ulaya. Vita vya huko vilipokwisha mwaka 1999, mtaa wa jamii ya Waroma katika mji wa Mitrovica ulichomwa moto na kubomolewa. Wakazi wake, ambao walikuwa kama 8,000, walitawanyika. Kiasi cha watu 600 wa jamii hiyo na jamii nyingine ndogo waliwekwa katika kambi upande wa kaskazini, wakati Kosovo ilipokuwa chini ya utawala wa Umoja wa Mataifa. Waliambiwa ni kwa muda mfupi tu.

Kambi hizo zilikuwa karibu na migodi na kiwanda cha Trepča, ambako madini ya risasi yaliyeyushwa kwa miaka mingi. Kiwanda chenyewe kilifungwa Agosti 2000 kwa sababu moshi wake ulikuwa na sumu nyingi. Lakini marundo ya mabaki ya mgodi yalibaki palepale, makubwa kama vilima. Upepo ulipovuma, vumbi lake liliingia mabandani, likatua juu ya vyakula na nguo zilizoanikwa. Watoto walipanda marundo hayo na kuteleza kama watoto wanavyofanya popote penye kilima. Tena, kwa kuwa hapakuwa na kazi, baadhi ya familia zilikuwa zikivunja na kuyeyusha betri za magari papo hapo penye makazi, ili wauze risasi.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipima damu za watoto katika kambi hizo na kukuta baadhi yao wana risasi nyingi kiasi cha kuhitaji matibabu ya haraka. Likashauri watoto na akina mama wajawazito waondolewe. Mwaka 2006 sehemu ya watu walihamishiwa kambi nyingine, Osterode, iliyokuwa zamani kambi ya wanajeshi. Nayo ilikuwa hatua chache tu kutoka pale pa kwanza. Kambi ya mwisho ilifungwa mwaka 2013. Kile kilichoitwa muda mfupi kilichukua miaka 14. Mtoto aliyefika akiwa mchanga aliondoka akiwa kijana.

Mwaka 2016 jopo la haki za binadamu lililoundwa kuchunguza malalamiko dhidi ya utawala huo wa Umoja wa Mataifa lilisema kwamba haki za watu hao zilivunjwa, na likapendekeza walipwe fidia. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulieleza masikitiko yake na kutangaza mfuko wa kusaidia jamii hizo kwa jumla, bila fidia kwa mtu mmoja mmoja. Tunayaandika haya ingawa sisi pia ni wa upande wa mashirika. Mkazi wa kambi ana haki ya kuuliza chini ya kiwanja alichopewa kuna nini.

Risasi ni kitu gani?

Jina hili huwachanganya watu, kwa sababu ndilo tunalotumia kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki. Si bahati mbaya: risasi za bunduki zilitengenezwa, na nyingi bado hutengenezwa, kwa madini haya. Ni madini ya rangi ya kijivu, mazito, laini, na huyeyuka hata kwenye moto wa mkaa. Ndiyo maana ni rahisi mtu kuyayeyusha nyumbani kwa sufuria kuukuu. Ndani ya betri ya gari kuna vibao vya risasi vilivyozama katika tindikali, na sehemu kubwa ya uzito wa betri ni risasi hiyo.

Tofauti na uchafu mwingine, risasi haiozi. Ganda la ndizi likitupwa chini, baada ya miezi michache ni mbolea. Risasi iliyomwagika leo itakuwa bado ni risasi wakati wajukuu wako watakapokuwa wazee. Katika mji wa Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kufungwa mwaka 1994. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado watoto wanaozaliwa katika mitaa iliyo karibu na mgodi huo hukutwa na sumu hiyo katika damu, kwa sababu ya udongo wa uani kwao.

Inaingiaje mwilini?

Wengi hudhani sumu hupita kwenye ngozi. Kwa risasi ya namna hii, ngozi si njia kubwa. Njia kubwa ni mbili: mdomo na pumzi. Anayeyeyusha betri huvuta moshi wake. Wengine wote, hasa watoto, huila pamoja na vumbi. Mtoto wa miaka miwili hutambaa, hushika chini, kisha hutia vidole mdomoni mara nyingi kwa siku bila mtu kuhesabu. Tena mwili wa mtoto mdogo huchukua risasi mara nne mpaka tano zaidi ya mwili wa mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile. Kwa hiyo baba anaweza kuvunja betri mwaka mzima akijiona mzima, huku mtoto wake ambaye hajawahi kushika betri hata moja akiugua kwa vumbi lililokuja na nguo za baba.

Ikishaingia, mwili huipokea kana kwamba ni chokaa ile inayojenga mifupa. Huiweka kwenye mifupa na meno, na huko hukaa miaka mingi. Hapa akina mama wasikilize vizuri. Wakati wa ujauzito mwili huchota chokaa kutoka kwenye mifupa ya mama ili kujenga mifupa ya mtoto, na risasi iliyolala humo huamka pamoja nayo, ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Mwanamke aliyeokota vyuma jalalani akiwa msichana anaweza kumpa mtoto wake sumu aliyoila zamani.

Tuongeze neno juu ya kula udongo. Tunajua akina mama wengi wajawazito hupata hamu ya udongo, wengine huununua sokoni. Hamu hiyo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, na dawa yake ni vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki. Udongo uliochimbwa karibu na jalala, karakana au mahali palipovunjwa betri ni hatari kwako na kwa mtoto wako kuliko inavyoonekana.

Ugonjwa unaofanana na malaria

Risasi kidogo katika damu haitoi dalili yoyote unayoweza kuiona. Mtoto anacheza, anakula, lakini akili yake inapunguzwa kidogo kidogo: anachelewa kusema, anasahau haraka, hatulii darasani, mwalimu anasema ni mtundu. Wataalamu hawajapata kiwango chochote ambacho wanaweza kusema hakina madhara.

Ikizidi, mtoto huumwa tumbo, hafungui choo, hataki chakula, anakonda, anakuwa mweupe viganjani na kwenye kope kwa kupungukiwa damu, analialia bila sababu. Ikizidi sana, hutapika, hupata degedege, huzimia, na anaweza kufa. Mtu mzima hupanda shinikizo la damu, huumwa kichwa na viungo, figo huharibika, na mwanamke anaweza kuharibu mimba.

Soma tena dalili hizo: degedege, kutapika, upungufu wa damu. Mama yeyote hapa kambini atasema ni malaria, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Shida ni pale isipokuwa malaria. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa vijijini kwa degedege. Mwanzoni malaria ndiyo iliyodhaniwa. Damu zao zilipopimwa ikaonekana ni risasi. Wazazi wao walikuwa wakichimba dhahabu, na mawe yenye dhahabu yalikuwa na risasi pia. Waliyaponda nyumbani, wengine kwa mashine za kusagia unga. Watoto zaidi ya 400 walikufa.

Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Huko akina mama walikuwa wakichekecha mchanga wa mahali palipovunjwa betri ili kupata chembe za risasi za kuuza, watoto wao wakiwa mgongoni au kando yao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Hapa Afrika ya Mashariki tunayo habari ya Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini huko Mombasa, Kenya. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukutani kwao tangu mwaka 2007 mpaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mchanga akiugua bila kupona, mpaka kipimo cha damu kilipoonyesha risasi. Aliacha kazi na kuwaongoza wakazi kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilikwisha kufungwa miaka kumi nyuma.

Je, kuna dawa?

Ipo, lakini si ile ambayo watu huisema mitaani. Kunywa maziwa hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia. Ni kweli kwamba mtoto anayekula vizuri, akapata maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani, mwili wake huichukua risasi kwa shida zaidi, na tumbo tupu huichukua kwa urahisi. Hiyo ni sababu nzuri ya kumpa uji kabla hajatoka kucheza. Lakini hiyo ni kinga kidogo, si tiba. Kuchemsha maji nako hakusaidii kitu: huua vijidudu, bali risasi hubaki, tena maji yakipungua kwa mvuke risasi iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Vidonge vya klorini vilevile haviigusi.

Hospitalini kuna dawa zinazoishika risasi ndani ya damu na kuitoa kwa mkojo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mtoto wa miaka 10 au chini akiwa na mikrogramu 45 au zaidi katika desilita moja ya damu apewe dawa hiyo. Kuanzia mikrogramu 5 tu, chanzo cha sumu kinapaswa kutafutwa na kuondolewa. Mikrogramu ni kipande kidogo mno, sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Kwa hiyo msitarajie kuiona kwa macho wala kuonja ladha yake.

Jambo kubwa kuliko yote katika makala hii ni hili: dawa hiyo haimfai mtoto anayerudishwa kwenye udongo uleule. Huko Zamfara madaktari hawakuanza na dawa. Kwanza udongo wa uani ulichimbwa na kuondolewa, ukaletwa udongo safi, nyumba moja baada ya nyingine, ndipo watoto wa kijiji hicho wakatibiwa. Kule Mitrovica watoto walianza kupewa dawa mwaka 2006 wakiwa bado karibu na marundo, na matibabu yakasimamishwa mwaka 2007. Tena, dawa hutoa risasi. Haiwezi kuurudisha ubongo uliokwisha kuharibika.

Hapa kambini

Betri isiyofanya kazi iuzwe nzima. Wanunuzi wa vyuma chakavu huzinunua zikiwa nzima pia, na faida ndogo anayoongeza mtu kwa kuivunja hailingani na anachokiacha uani. Ikiwa mmekwisha kuvunja betri mahali fulani, msipafagie pakiwa pakavu, wala msichome moto vifuniko vyake. Wazuieni watoto, mwagieni maji vumbi lisipande, kisha mwambieni kiongozi wa bloku ili watu wa usafi wa mazingira waje kupaangalia. Hakuna atakayeshtakiwa kwa sababu ametoa habari. Tindikali ikimrukia mtu, mvueni nguo zilizolowa na kumwosha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, hasa machoni, ndipo mmlete kituoni.

Anayefanya kazi ya vyuma chakavu abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia ndani na kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Ndani ya nyumba, nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, kucha zikatwe. Muhogo na mahindi yaanikwe juu ya mkeka au turubai, si chini, na kamwe si karibu na jalala au karakana. Unga uliokwisha kuchanganyika na vumbi hausafishiki.

Si taka zote ni za risasi. Pipa au dumu lililowekewa dawa ya kuua wadudu wa mashambani haliwi chombo cha maji hata ukiliosha mara kumi, kwa sababu dawa huingia ndani ya plastiki yenyewe na kutoka kidogo kidogo. Wauzaji husema limeoshwa. Linuse, utafute alama ya fuvu au maandishi ya sumu, na ukiwa na shaka liache. Dawa hizo hufanya kazi haraka kuliko risasi: mate mengi, jasho, macho kutoona vizuri, misuli kutetemeka, pumzi kubana. Aliyekunywa asitapishwe kwa nguvu. Aletwe mara moja pamoja na chombo alichonywea, ili mganga aone ni dawa gani.

Mawe ya tochi na ya redio hayana hatari kama ya betri ya gari, lakini unga mweusi wa ndani yake, ambao wengine huutumia kupaka ubao wa kuandikia, si kitu cha mtoto kushika. Na lile shimo la taka za kituo cha afya lina uzio kwa sababu. Tumeukuta uzio wa namna hiyo ukikatwa kwa ajili ya kuni, na hilo linahitaji kuzungumzwa katika kamati zenu.

Mkigawiwa viwanja vipya, au shule ikitafutiwa eneo, kamati ya afya iulize kwa sauti: hapa zamani palikuwa na nini? Karakana? Ghala la dawa za pamba? Jalala? Wazee wa vijiji vya jirani hukumbuka mambo ambayo hayamo katika ramani zetu, kwa hiyo waulizwe wao pia.

Mwisho, mtoto akiletwa na degedege, kipimo cha malaria hufanywa kwanza kama kawaida. Lakini mkiwa mnaishi karibu na mahali panapovunjwa betri, au baba ama kaka wa mtoto anafanya kazi ya vyuma au ya kuponda mawe ya dhahabu, msisubiri kuulizwa. Mwambieni mganga maneno hayohayo tangu mwanzo, hasa kama mtoto amekwisha kutibiwa malaria zaidi ya mara moja bila nafuu. Kipimo cha risasi hakifanyiki katika kila zahanati, na mara nyingi mtoto atahitaji rufaa. Rufaa hiyo mganga hawezi kuiandika kama hajui kwamba nyuma ya nyumba kuna betri.